Unga wa Paani

Sogea karibu, wewe uliyekulia chini ya paa la nyasi kama mimi. Na kama hukukulia chini ya nyasi, sogea pia. Nitakwenda polepole, na nikitaja kitu usichokijua nitasimama nikuoneshe.

Juzi nilisogeza kabati langu la nguo ili nifagie nyuma yake. Chini ya mguu mmoja palikuwa na kilima kidogo cha unga, laini, wa rangi ya mtama uliosagwa vizuri. Nyumba yangu ya sasa ina bati na dari, na sakafu yake ni ya saruji. Hakuna mtu aliyesaga kitu humu tangu nilipohamia. Hata hivyo nilisimama na ufagio mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha nikauweka chini, nikaegemeza sikio kwenye ubao, nikasubiri.

Mama yangu alifariki kwa kikohozi, nikiwa sijaanza bado kung'oka meno ya utoto. Tuliishi upande wa Geita, katika nyumba ya msonge, ile ya duara yenye paa lililochongoka, na moto wa kupikia ulikuwa katikati ya nyumba. Baba alikuwa mgodini kwenye dhahabu, kazi yake ikiwa kusimamisha nguzo chini ya ardhi ili mwamba usishuke juu ya watu. Alikuja kwenye msiba na hakurudi tena huko. Baruti zilikuwa zimeyala masikio yake. Ukitaka akusikie ilibidi uweke mdomo sikioni mwake na kupiga kelele, na hata hivyo alishika neno moja, la pili likapotea.

Shangazi yangu, dada yake baba, alitoka Shinyanga kuja kuomboleza. Matanga yalipokwisha alimketisha kaka yake kwenye kigoda, akamsemea usoni ili asome midomo.

"Huyu mtoto naondoka naye."

"Haondoki," baba alisema. Alikuwa akisema kwa sauti kubwa kila wakati, kwa sababu hakujua anapaza kiasi gani.

"Kaka, wewe husikii! Akilia usiku, ataamka nani?"

"Nitaamka."

"Kwa sikio lipi?"

Baba aligeuka kunitazama. Alininyooshea mkono, nikaenda nikasimama katikati ya magoti yake. Shangazi alitutazama, kisha akatazama ukuta nyuma yetu, ambao udongo wake ulikuwa umemeguka na miti ya ndani ikionekana, imeliwa na mchwa.

"Na nyumba yenyewe ndiyo hii," alisema. "Haya. Nakwenda kuvuna mtama wangu. Mvua zikishika nitakuja kuwaona. Nikikuta nyumba imesimama na mtoto ametulia, nitanyamaza. Nikikuta vinginevyo, nafunga vitu vyake, na wewe usinifuate barabarani."

Kuanzia hapo baba alikuwa fundi wa kila kitu. Hakuajiri mtu. Kwanza alizunguka nyumba ya zamani akiigonga miti ya ukuta kwa ncha za vidole, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikimfuata. Nikueleze maana yake, kwa sababu ni elimu nzuri: mti mzima ukiugonga hujibu kwa sauti nzito, ya karibu, mti ulioliwa ndani hujibu kama kibuyu kitupu. Watu wa mgodini huyagonga mawe hivyo hivyo kabla ya kupita chini yake. Lakini baba hakuweza tena kusikia majibu. Akaniweka mbele yake, akaniambia, "Mayu, wewe ndiwe masikio yangu. Nikigonga, niambie."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwetu hata mtoto wa kike huitwa hivyo kwa upendo.

Mimi sikuelewa habari za mchwa. Niliona mtu anayegonga taratibu na kungoja, na katika maisha yangu yote niliwahi kuona jambo moja tu linalofanana na hilo: mtu anayepiga hodi. Nikajua baba anamwita mama. Nikasikiliza kwa moyo wote. Mti mmoja ulijibu kwa sauti ya utupu, nikamwambia baba, "Huyu anaitika kwa mbali." Akautia alama ya mkaa. Mwingine pia. Mpaka tunamaliza mzunguko, karibu miti yote ilikuwa na mkaa.

"Ukuta umekwisha," alisema baba. "Paa ni zima. Tutalihamisha."

Akajenga ukuta mpya ng'ambo ya shamba la mihogo, penye mteremko ambapo maji hayatuami. Alichimba mashimo, akasimamisha miti, akafunga fito kwa kamba za magome, akakanyaga udongo na majani makavu mpaka ukawa laini kama ugali. Kisha akaanza kukandika kwa viganja vyake. Kwetu kukandika ilikuwa kazi ya wanawake. Mama Shija, jirani yetu na rafiki wa marehemu mama, alipita na mtungi kichwani, akasimama.

"Shemeji! Ukuta huo unaukandika au unaubembeleza ulale?"

Baba aliona midomo inacheza, akatabasamu. "Wazima tu, mayu! Na huko kwenu?"

"Jamani! Nimemtukana, yeye ananiuliza hali!" Mama Shija alicheka mpaka maji yakamwagika, kisha akatua mtungi, akaokota tonge la udongo na kumsaidia kuumaliza upande ule.

Siku ya kuhamisha paa, majirani waliitwa kwa pombe. Wanaume waliingia ndani ya nyumba, wakakata vifungo, wakashika miti kuzunguka duara na kuinua kwa pamoja. Nilikuwa nje. Nikaona paa la nyumba yetu linanyanyuka, linaacha ukuta umeachama, na kuanza kutembea kwa miguu ya watu. Lilipita katikati ya mihogo likiyumba. Wanawake walitangulia wakipaza sauti, "Kulia! Kulia, kuna shimo!" Baba, asiyesikia maelekezo, alikuwa ameweka mkono mmoja begani mwa mtu wa mbele yake. Mimi nilifuata nyuma, na upepo ukaniletea kutoka chini ya nyasi zile harufu ya shingo ya mama yangu. Ilikuwa harufu ya moshi tu. Mwanamke aliyepika kila siku chini ya paa hilo angenukia nini kingine? Lakini mimi nilijua tunakwenda naye. Niliwaonea huruma wale wanaume, kwa kuwa hawakuambiwa uzito mwingine ni wa nani.

Sasa sikiliza kosa la baba, maana lilitokana na mapenzi.

Baba aliamini moshi ndio uliomuua mkewe. Kwa hiyo katika nyumba mpya hakuweka mafiga ya moto ndani. Alijenga jiko nje, kibanda cha peke yake. Alikata madirisha mawili yenye vifuniko vya mbao, kitu ambacho msonge wa zamani haukuwa nacho. Kisha alipanda juu na kisu na ufagio wa miti, akaanza kuyakwangua masizi. Yalikuwa yameganda kwenye miti ya paa, meusi yanayong'aa kama ngozi ya nyoka. Alikwangua miti yote mpaka ikawa myeupe, na mahali ambapo mti ulikuwa umevunjika safarini aliweka mwingine, mbichi, wa mti laini. Alishuka akiwa mweusi kote isipokuwa macho.

"Haya ndiyo yaliyomla mama yako," aliniambia, akipiga teke kikapu cha masizi. Akayabeba na kuyamwaga nyuma ya nyumba, alipokuwa amelima bustani, ndani ya ua wa minyaa uliozunguka kiwanja chote. Maboga yaliyoota hapo yalikuwa na majani mapana ajabu, ya kijani kizito. Sikuyala. Alipoyapika nilisema naumwa tumbo.

Nyumba ilikuwa nzuri. Watu walikuja kuona madirisha. Ndani kulinukia udongo mpya na nyasi, basi. Nililala nikinusa mkeka, nguo, mikono yangu mwenyewe, na sikumpata mama popote.

Kisha, alfajiri moja, nikamsikia.

Ilikuwa saa ile ambayo alizoea kuamka kabla yetu, kupiga magoti nyuma ya jiwe la kusagia. Krr, krr, krr. Kimya kidogo, kama mtu anayeongeza mtama. Krr, krr. Sauti ilitoka juu. Nililala chali bila kutikisika. Kulipopambazuka, kwenye mkeka karibu na kichwa changu, palikuwa na unga.

Nikuulize, mtoto angefikiri nini? Jiwe la mama lilikuwa limeegemezwa nje kwenye ukuta wa jiko, hakuna aliyeligusa tangu msiba, na baba alitwanga mtama wetu kwenye kinu. Lakini huku juu palikuwa na mtu anayesaga kwa saa za mama, na unga wake ulinidondokea usoni nikiwa nimelala. Niliukusanya kwa ukingo wa kiganja, nikautia katika kibuyu kidogo. Kila asubuhi niliongeza. Sikuuonja. Nilikuwa naungojea utoshe ugali.

Mama Shija ndiye aliyeniona nywele zimejaa vumbi jeupe.

"We mtoto, mbona kama umetoka kinuni? Nani kakusagia?"

"Mama," nilisema.

"Mama yupi?"

"Mama. Anasaga juu. Alfajiri."

Nilimpeleka mlangoni nimuoneshe. Ilikuwa adhuhuri, joto, na kimya cha mchana kilikuwa kizito. Tukasimama. Krr, krr, krr.

Mama Shija hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye minyaa, akavuka, na kwa siku nyingi hakuja kwetu. Jioni ile hakuna mtu aliyekuja kuomba moto. Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika, wakanisogezea nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Msichana mmoja mkubwa aliniambia, bila ubaya, "Shangazi yako ameshapelekewa habari. Wamemwambia nyumba yenu ina mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Shangazi angekuja, angesikia, angenifungia vitu vyangu. Yeye alikuwa na masikio. Baba peke yake ndiye asiyejua, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa kuwa jambo la namna hiyo hulipigii kelele kwenye sikio la mfiwa. Nikimwambia mimi, atapanda juu na kisu kama alivyopanda kwenye masizi, na mama atakwanguliwa kwa mara ya pili. Nisipomwambia, nitaondoka niwaache wote wawili, mmoja juu anasaga, mmoja chini hasikii.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Nilichukua kibuyu changu, nikaenda bustanini alikokuwa akiinua matuta.

Niliweka mdomo sikioni mwake. "Baba, mama yupo kwenye paa."

Alisimamisha jembe. "Sema tena."

"Mama. Anasaga." Nikamfungulia kibuyu.

Nimeshaona nyuso nyingi tangu wakati ule, na sijaona nyingine kama ile. Hakucheka. Hakukasirika pia. Aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua bado anayo, "Anasaga vipi? Nioneshe."

Nikapiga magoti juu ya tuta, nikamuonesha kwa mikono: mbele, nyuma, mbele, nyuma, kungoja. Alitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kisha akaniacha hapohapo, akaingia ndani. Nilipomfikia alikuwa amesimama juu ya kinu kilichogeuzwa, amekumbatia mti mmoja wa paa, mti ule laini aliouongeza. Aliuwekea sikio, haukumwambia kitu. Akageuza kichwa, akaung'ata.

Hii nayo nikueleze. Masikio yakifa, mifupa haifi. Mgodini wazee wa kazi hung'ata mtaimbo ulioshikizwa kwenye mwamba, na mwamba ukianza kusema huusikia kwa meno. Baba aling'ata mti, akafumba macho, na tukakaa hivyo, yeye juu na mimi chini, huku kuku wakiparua nje. Sauti ikaja. Mimi niliisikia kwa masikio. Na nikaona baba anaukumbatia mti kwa nguvu zaidi.

Hakushuka upesi. Aliposhuka uso wake ulikuwa umelowa, na ndevu zake zilikuwa na unga.

"Nimemsikia," alisema. "Mayu, tangu nitoke shimoni sijasikia kitu vizuri namna ile."

Nikafikiri tumeokoka. Nikafikiri sasa tutakuwa watu wawili wa kumlinda. Lakini baba alichota unga kutoka kwenye kibuyu, akauweka kwenye ulimi wake, kisha akaninyooshea kidole. "Onja."

Sikutaka.

"Onja, mayu. Mama yako alikusagia mtama maisha yako yote. Ulimi wako unaujua."

Nikaonja. Ulikuwa mchungu. Ulikuwa na ladha ya mti na ukavu unaofunga koo. Nilijaribu kujidanganya kuwa ni mtama, nikashindwa.

"Ni bungua," alisema. "Mdudu mdogo kuliko punje. Anaula mti kutoka ndani, unga anautupa chini. Zamani hakuwepo, kwa sababu mti wenye masizi ni mchungu kwake kuliko unga huu ulivyo kwako. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango." Alitazama juu, kwenye miti yake myeupe aliyojivunia. "Nilifukuza moshi. Kumbe ndio uliokuwa umeishika nyumba."

Kilichotakiwa kufanyika alikijua, na mimi nilikijua kwa kuutazama uso wake. Siku iliyofuata alileta mawe matatu, akayapanga katikati ya nyumba, pale alipokuwa ameapa moto hautakaa. Alileta kuni mbichi na majani mabichi, na mitungi ya maji aliijaza mlangoni. Akafunga madirisha yake mazuri. Kabla hajawasha alipanda tena juu ya kinu na kuung'ata ule mti, kisha akaninyanyua, nami nikauma. Sauti ilinitambaa kwenye meno mpaka nyuma ya macho: krr, krr, krr. Akanishusha. Akawasha.

Tulikaa nje, juu ya tuta la bustani, tukitazama. Moshi ulijaa nyumba, ukakosa pa kutokea, ukaanza kupenya kwenye nyasi, kila mahali kwa pamoja, hata paa zima likawa linapumua. Harufu ikatufikia. Nilishika mkono wa baba. Ilikuwa ni mama, shingo yake, kitambaa chake, vidole vyake akinisuka. Nilikuwa nimemtafuta ndani ya mkeka na ndani ya unga, naye anatoka sasa kwenye kitu tulichokiwasha ili sauti yake inyamaze.

Hapo ndipo shangazi alipotokea njiani, mzigo kichwani, anakimbia.

"Moto! Moto jamani! Nyumba inaungua, nao wamekaa kama wanaota jua! Kaka! We kaka!"

Baba, bila shaka, hakusikia. Niliinuka nikamkimbilia. "Shikamoo shangazi. Haiungui. Tunaifukiza."

"Mnafukiza nini? Kile walichoniambia?"

"Mdudu," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, na nililia nikilitamka. "Ni mdudu tu, shangazi."

Alinishika kichwa akitaka kusema kitu, na upepo ukageuka. Nilimwona anasita. Alivuta pumzi, akavuta tena, macho yakamjaa machozi.

"Wifi," alisema taratibu. "Ananukia wifi yangu."

Hakuuliza zaidi. Alitua mzigo. Ulikuwa na mtama wake wa Shinyanga, aliokuwa ameuleta ili njiani nisife njaa wakati tunaondoka. Aliangaza macho, akaliona jiwe la kusagia limeegemea ukuta wa jiko, akalilaza chini, akalifuta kwa kanga yake, akapiga magoti. Mbele, nyuma. Baba aliona mikono inavyokwenda. Alikuja akachuchumaa, akaweka kiganja chake ardhini karibu na jiwe, akakiacha hapo mpaka shangazi alipomaliza. Shangazi alikaa nasi mpaka maboga yalipovunwa, akaondoka peke yake.

Paa lilinyamaza. Tuliwasha moto ule kila mwaka kabla ya mvua, na miti ikawa myeusi tena. Majirani walirudi, Mama Shija akiwa wa kwanza, akidai hakuwahi kuogopa. Lakini alfajiri nyingi niliamka nikasikiliza, na nilijua, kwa jinsi pumzi zake zilivyokuwa, kwamba upande wa pili wa nyumba baba naye yuko macho.

Kwa hiyo ukikuta unga chini ya paa lako, au kitanda, au kabati, usiufagie kwanza. Weka kidogo kwenye ulimi. Ukiwa mchungu, utafute mti ulioliwa, na uandae dawa yako au moto wako, na maji karibu. Lakini kabla hujaanza, ung'ate mti ule taratibu, fumba macho, usikilize.